Kila Ijumaa Nipo Mkeshani, Mbona Mungu Simwoni?

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na kupunguza suruali za watu. Mume wangu ni kibarua bandarini. Kuna siku anapata kazi, kuna siku anarudi saa tatu asubuhi mikono mitupu. Tumefunga ndoa kanisani, watoto wote wamebatizwa, na usharikani niliwahi kuwa katibu wa akina mama.

Shangazi, tangu nilipofiwa na mama yangu mzazi mwaka juzi, sala yangu imekauka. Nikipiga magoti ni kama naongea na ukuta. Nilimweleza mwenzangu mmoja, akaniambia, "Mama Neema, wewe humtafuti Mungu. Mungu hutafutwa." Akanipeleka kwenye huduma moja ambako kuna mkesha kila Ijumaa. Mwanzoni nilipata nafuu kweli. Watu wanalia, wanaimba, nami nililia mpaka kitenge kikalowa. Ila nikirudi nyumbani alfajiri, ukuta uko palepale.

Nimeambiwa mengi na nimeyafanya. Nilifunga siku 3, kisha 7, kisha 21, na vidonda vya tumbo ninavyo. Nimenunua mafuta ya upako na chumvi ya kumwaga mlangoni. Mwezi wa saba mtumishi akasema nina kizuizi cha ukoo, nipande mbegu inayouma. Nikatoa shilingi 180,000, fedha niliyokopa kwenye kikoba ninunue mashine ya ovaloki. Mume wangu hajui. Sasa wanasema kiwango changu bado kidogo tu, kuna safari ya mlimani Lushoto, siku 14 za kufunga na kuomba. Tunaondoka Ijumaa ijayo.

Mume wangu si mgomvi. Alinyamaza muda mrefu. Juzi najifunga kilemba kwenda mkeshani, akaniuliza taratibu: "Mama Neema, huyo Mungu unayemtafuta usiku, mchana anakaa wapi?" Nikaondoka bila kumjibu, lakini neno lile limenikwama kama mwiba wa samaki. Neema wangu yuko kidato cha pili, Novemba ana mtihani wa taifa, na ndiye anayewalaza wadogo zake nisipokuwepo. Siku hizi haongei na mimi sana. Nadhani ni umri.

Naogopa nisipokwenda nitakuwa nimemgeuzia Mungu kisogo na mlango ukiwa karibu kufunguliwa. Mama alikuwa ameshuka kutoka Soni kuja kuuguzwa kwetu, akafariki usiku wa Ijumaa, nyumbani wakiwepo Neema na wadogo zake, mimi nikiwa kwenye mkesha wa usharika namwombea yeye. Chumba chake nimekifunga, watoto wanalala watatu kitanda kimoja. Nielekeze, Shangazi. Kumtafuta Mungu ni kufanya nini hasa? Niende au nisiende?

Mama Neema, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara mbili za mwanzo nilikuwa na hasira, na utaona kwa nini. Mara ya tatu nilimhurumia mumeo. Mara ya nne nikasimama kwenye sentensi moja uliyoiweka mwishoni, ukaipita mbio kama mtu anayepita makaburini usiku. Hiyo nitairudia. Kwanza upate jibu la haraka, maana Ijumaa haiko mbali.

Usiende mlimani.

Sisemi hivyo kwa kuwa mlima ni mbaya. Luka 6 inasema Yesu alipanda mlimani akakesha usiku kucha akimwomba Mungu. Kulipokucha akawaita wanafunzi wake, akachagua kumi na wawili, akashuka nao mpaka mahali tambarare ambako wagonjwa walikuwa wamejaa. Mimi mwenyewe nimekesha mara nyingi, na iko mikesha ambayo siisahau. Lakini wewe una vidonda vya tumbo. Kufunga siku 14 na vidonda ni kucheza na uhai, mtu anaweza kutapika damu huko huko mlimani. Mwone daktari kabla hujafunga hata siku moja nyingine, na dawa usiache kwa neno la mtu yeyote. Tena mwenzio hajaridhia. Paulo aliwaambia Wakorintho, mume na mke wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda, wapate faragha ya kusali. Wamepatana, mwanangu. Mume anayekuona tu ukifunga begi hamjapatana.

Na hizo shilingi 180,000 ndizo zilizonikasirisha. Katika Matendo 8, Simoni mchawi alimletea Petro fedha apewe uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamfukuza nazo: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Fedha ambayo Petro hakutaka hata kuigusa, huyo mtumishi wako anaiita mbegu na anataka iume. Wewe sikulaumu. Ulikuwa na msiba, na mtu mwenye msiba huuziwa chochote. Mweleze mumeo habari ya deni, leo kabla hamjalala. Nenda kwa viongozi wa kikoba mpangiane marejesho upya. Huko usipeleke hata senti nyingine.

Sasa swali lako lenyewe. Wewe ni fundi, basi nikuulize la kifundi. Unatia vifungo jioni, sindano ikakuponyoka. Unafanya nini? Hutoki kwenda kuitafuta mtaa wa Makorora. Unawaambia watoto wasisogee. Unazima feni. Unashuka kitini taratibu, unapiga magoti palepale ilipodondokea, unalaza kiganja sakafuni na kukipitisha kidogo kidogo, huku na huku, mpaka kitu chembamba kikuchome.

Paulo alipokuwa Athene, mbele ya watu wenye madhabahu kila kona, aliwaambia Mungu aliwaumba wanadamu ili wamtafute, "ingawa ni kwa kupapasa-papasa", ijapokuwa hawi mbali na kila mmoja wetu. Hayo ndiyo maneno ya Biblia yetu ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952, na kila nikiyasoma nawashukuru waliotafsiri. Kupapasa ni kazi ya mtu aliye gizani, anayetumia mikono, na anayejua kitu chake hakiko mbali.

Umesema unaogopa kumgeuzia Mungu kisogo usipokwenda. Msikilize Amosi: "Nitafuteni, nanyi mtaishi, bali msitafute Betheli." Na Betheli hapakuwa mahali pa uongo. Pale ndipo Yakobo alipoiona ngazi inayofika mbinguni. Lakini watu walikuwa wanapanda Betheli, wanakwenda Gilgali, wanavuka mpaka Beer-sheba, sadaka mkononi, na nyumbani kwao na langoni mwa mji mambo yameharibika. Mungu akawaambia mahali pale waachane napo, waje kwake.

Basi turudi sakafuni. Wewe sindano yako ilikudondokea wapi?

Umeandika mwenyewe: mama alifariki usiku wa Ijumaa, mimi nikiwa kwenye mkesha namwombea yeye. Pole, mwanangu. Watu walikupa pole ya kufiwa, walikuja na sukari na unga, wakalala matangani. Sidhani yuko aliyekupa pole ya hili. Ulikwenda kwa Mungu kumlilia mama, na wakati uko kwake, mama akaondoka. Ni jambo zito mno kubeba peke yako kwa miaka miwili. Tangu siku ile hujakaa nyumbani kwako usiku wa Ijumaa. Wewe unasema unamtafuta Mungu, nami naamini unamtafuta. Lakini nahisi pia kuna saa moja ya usiku, katika nyumba ile, ambayo huwezi kuikabili, na mkesha unakuokoa nayo.

Katika Agano la Kale, Kiebrania kina maneno mawili ambayo sisi yote tunayaita kutafuta. Moja ni kutafuta kama mtu anayesaka kitu. La pili, darash, ni kumwendea mtu kumuuliza, ukataka usikie atakavyosema. Lile la pili ndilo lililotumika kwa Rebeka. Watoto walipokuwa wanasukumana tumboni mwake mpaka akaona heri asiishi, alikwenda kumwuliza Bwana. Hakuwa na kiwango wala mbegu. Alikuwa na tumbo linalouma na swali, akalipeleka kama lilivyo.

Lako hujalipeleka. Mkeshani mnasema maneno ya aliyeshika kipaza sauti, vunja, ng'oa, teketeza, na katikati ya kelele zile swali lako limekaa kimya kama mtoto aliyeadhibiwa. Liseme. "Bwana, nilikuwa kwako namwombea. Mbona ulimchukua?" Liseme kwa Kisambaa kama ndicho mama alichokulelea. Usiogope kwamba ni dhambi. Iko Zaburi, ya 88, ambayo mwimbaji anamuuliza Mungu kwa nini anamficha uso wake, na wimbo unaishia gizani, hauna hata mstari mmoja wa furaha mwishoni. Na imo ndani ya Biblia, inaimbwa.

Je, utajibiwa? Nitakuambia yangu, kwa kuwa sitaki kukuahidi nisichokijua. Nilipofiwa na mume wangu nilikuwa nafundisha watoto shule ya Jumapili huko Muheza. Karibu miaka miwili sikuweza sala yoyote isipokuwa Baba Yetu, na hata hiyo nilikuwa nakwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Nafika hapo, kinywa kinafunga. Nilikuwa namwambia Mungu, hapa siwezi, halafu naendelea na mkate wa kila siku. Asubuhi moja nikiwa nakoroga uji nilishtuka kwamba nimeshalipita lile neno, nimefika amina. Maelezo ya kifo cha mume wangu sijapewa hadi leo. Lakini siku ile nilijua kwamba muda wote nilipokuwa nakwama, palikuwa na mtu ananisikiliza nikikwama.

Ule mstari wanaokuhimiza nao bila shaka ni Yeremia 29:13, "Nanyi mtanitafuta, na kuniona, mtakaponitafuta kwa moyo wenu wote." Nimeukaririsha watoto miaka mingi. Mstari wa 5 wa sura hiyohiyo sikuutilia maanani mpaka nilipokuwa mjane. Ile sura ni barua, kama hii yangu kwako. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapelekea watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Walikuwa na uchungu, wanataka kurudi, na nabii mmoja aitwaye Hanania alikuwa ametangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka 2 Mungu atavunja nira. Maneno matamu, na yalikuwa ya uongo. Yeremia akawaambia ni miaka 70, na katikati hapo wafanye nini? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, waozeshe, wauombee mji ule wa ugenini. Watu wa namna hiyo, wenye majembe mikononi na machozi ambayo hayajakauka, ndio walioambiwa mtanitafuta na kuniona.

Hapo ndipo lilipo jibu la mumeo, na ningependa umpe mwenyewe, maana aliuliza swali zuri kuliko mahubiri mengi. Mchana Mungu anakaa mlipo. Kule Paris, Ufaransa, aliishi bruda mmoja wa shirika la watawa Wakarmeli, aliyeitwa Lawrence, aliyefariki mwaka 1691. Hakuwa padri wala msomi. Kazi yake ilikuwa jikoni mwa monasteri, na baadaye kushona ndara za wenzake. Alisema katika makelele ya jikoni, watu wakimwita huku na huku, alikuwa na Mungu kwa utulivu uleule kama amepiga magoti mbele ya Sakramenti. Alizoea kuongea naye maneno mafupi kazi ikiendelea. Nawe unaweza. Unapotunga uzi, unapongoja pasi ipate moto, mtaje mteja ambaye gauni lake liko mkononi mwako, kisha endelea kushona. Baadhi ya siku utahisi ukuta. Shona tu, na useme tu.

Usidhani pia kwamba kazi yote ya kutafuta ni yako. Katika Luka 15 Yesu alimfananisha Mungu na mwanamke aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi, akawasha taa na kufagia nyumba hata akaiona. Mwanamke, nyumba, ufagio. Inawezekana kabisa unazunguka huko nje na mwenye nyumba yuko ndani na taa, anakutafuta wewe.

Nimebakiza Neema.

Umesema haongei na wewe sana, nadhani ni umri. Mwanangu, sidhani ni umri. Piga hesabu: mwaka juzi alikuwa darasa la saba. Mtoto wa darasa la saba alikuwa macho usiku ule na bibi yake anayekata roho, wadogo zake wamelala, baba huenda yuko zamu, mama yuko kanisani. Alifanya nini? Alimpa maji? Aligonga kwa jirani? Bibi alisema neno gani la mwisho, na alimwambia nani? Wewe hujui, kwa kuwa katika barua nzima hakuna mahali ulipomuuliza. Na kila Ijumaa tangu hapo anakuona unajifunga kilemba, unatoka, unamwachia tena nyumba ileile, saa zilezile, na wadogo walewale.

Isaya 58 inaanza na watu waliofanana sana nasi. "Walakini wanitafuta kila siku," anasema Mungu, wanafunga, wanashangaa mbona haoni kufunga kwao. Kisha anawatajia saumu aliyoichagua: kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi, na mwisho kabisa, "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe". Nilikuwa nadhani hayo ni kwa wanaokataa ndugu maskini. Siku hizi naona mtu anaweza kujificha na damu yake hata katika maombi.

Kwa hiyo Ijumaa hii kaa nyumbani. Mwenzako wa mkeshani mwambie tu kwamba una shughuli na binti yako, na ukweli ndio huo. Mchungaji wako wa usharika mtafute wiki ijayo umweleze yote, pamoja na habari ya fedha, wako wengine wanaopandishwa mbegu. Pika mapema, kula nao, meza dawa yako. Wadogo wakishalala mwite Neema, chukua ufunguo, mfungue kile chumba pamoja. Kutakuwa na vumbi na harufu ya kanga za mama. Fungua dirisha. Usianze na maombi, atadhani ni mkesha mwingine. Kaeni kitandani kwa bibi, umuulize: "Mwanangu, usiku ule ulikuwaje?" Kisha nyamaza. Akikaa kimya muda mrefu, mngoje. Akilia, mshike. Akikwambia bibi alikuita jina lako, usikimbie kutoka nje, na usijitetee. Mwombe radhi kwamba alikuwa peke yake. Mkifika mahali mnataka kuomba, Baba Yetu inatosha, na mkikwama, kwameni hapo wote wawili.

Nami Ijumaa hiyo saa nne usiku nitakuwa macho hapa kwangu, nikiwataja. Asubuhi toeni godoro mkalianike juani. Hicho kitanda wapeni watoto.

Shangazi